Karatasi ya Kujifunzia Rangi za Maji



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya uchoraji, kwa kuwa ndio kazi iliyonipa riziki tangu nilipoondoka hapa. Pengine mlitazamia nizungumze habari za kipaji. Mimi nitazungumza habari za karatasi, na sababu ninayo. Katika kufundisha nimewaona vijana wengi wakiweka brashi chini na kusema, "Mimi sina mkono wa rangi." Nikiitazama kazi yao, naona mkono hauna kosa, karatasi ndiyo iliyowaangusha. Na kijana akishaamini kwamba hana kipaji, kumrudisha ni kazi kubwa.

Tuanze na karatasi tunayoijua sote, ile inayouzwa kwa rimu. Uzito wake kwa kawaida ni gramu 80 kwa kila mita ya mraba. Kwa penseli na kalamu haina ubaya. Lakini ukiipaka maji, nyuzi zake hunywa na kuvimba, karatasi ikajikunja mawimbi, na rangi ikakimbilia mabondeni na kutuama humo. Ukirudia kupitisha brashi, uso wake huchubuka. Hata fundi aliyebobea hawezi kupaka anga laini juu ya uso wa namna hiyo. Manila ni nene zaidi, lakini nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya maji. Hunywa rangi papo hapo, nayo ikikauka huwa imefifia.

Basi, kijana anayetaka karatasi ya mazoezi atazame mambo matatu.

La kwanza ni uzito. Karatasi za rangi za maji huuzwa zaidi katika uzito wa gramu 190, 300 na 640. Hii ya 640 ni ya kazi maalumu, tuiache. Ya 300 ndiyo ya kufaa kwa mazoezi, maana hustahimili maji ya kutosha bila kujikunja sana. Ya 190 hufaa kwa michoro midogo ya haraka. Ukitaka kuitumia kwa maji mengi, iloweshe kwanza, ilaze juu ya ubao, uibandike pande zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kisha uiache ikauke. Ikikauka itakuwa imekaza kama ngozi ya ngoma.

La pili halionekani kwa macho. Karatasi nzuri hutiwa gelatini au dawa nyingine ya kuzuia isinywe maji upesi. Dawa hiyo ndiyo inayoifanya rangi ikae juu kwa kitambo, ukapata nafasi ya kuisambaza, kuichanganya, au kuifuta kwa brashi yenye maji safi.

La tatu ni nyuzi. Karatasi bora hutengenezwa kwa pamba asilimia 100, na za bei nafuu hutokana na nyuzi za miti. Pamba hushika maji sawasawa na huvumilia kupakwa tabaka juu ya tabaka. Ya miti hukauka upesi na huacha kingo kali, lakini rangi yake mara nyingi hufutika kwa urahisi, na hiyo ni neema kwa anayejifunza. Tafuteni iliyoandikwa kwamba haina asidi, ili kazi yenu isigeuke manjano mapema.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nami nakubali. Lakini ghali nayo huvunja upishi kwa njia yake. Kijana mwenye karatasi moja ya pamba aliyoinunua kwa kujinyima huiogopa. Huiweka sandukuni akingoja siku atakayokuwa hodari, na siku hiyo haiji, kwa sababu uhodari huja kwa kuharibu karatasi nyingi. Ushauri wangu ni huu: katika kila mazoezi kumi, tisa yawe kwenye karatasi ya miti ya gramu 300, na moja kwenye pamba, ili mkono uzijue zote mbili.

Wala msione haya kutumia karatasi ya hali ya chini. Mwingereza David Cox, aliyezaliwa mwaka 1783 na kufa mwaka 1859, alikuwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa rangi za maji nchini mwake. Karibu na mwaka 1836 alikutana na karatasi nene ya Scotland, ya kufungia bidhaa tu, yenye uso wa kukwaruza na vidoa vyeusi. Aliona kwamba ilifaa sana kwa picha zake za upepo na mvua, akaitumia. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa afanyaje vile vidoa vikitokea angani, alijibu kuwa huviongezea mabawa vikawa ndege. Baadaye watengenezaji waliuza karatasi ya mfano ule kwa jina lake. Cox hakuichagua kwa sababu ya bei tu. Alijua inavyopokea maji.

Nanyi mjue hivyo kabla ya kununua nyingi. Nunueni moja, mkaijaribu kwa njia tatu. Ipakeni rangi nyepesi uso mzima. Ikitokeza madoa yasiyo sawa, dawa yake ni dhaifu. Iloweshe, kisha uisugue kwa brashi mara kumi. Ikitoa vijinyuzi, iacheni. Rangi ikishakauka, jaribuni kuifuta kidogo kwa brashi yenye maji, muone inarudi kiasi gani.

Kisha hesabuni. Karatasi kubwa ya sentimita 56 kwa 76 hutoa vipande 8 vya sentimita 28 kwa 19. Mkitumia pande zote mbili, mnapata michoro 16. Kijana anayechora mara mbili kwa wiki kwa wiki 40 anahitaji michoro 80, yaani karatasi kubwa 5 tu kwa mwaka. Zihifadhini zikiwa zimelazwa ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pakavu, kwani unyevunyevu huiharibu ile dawa na kuleta ukungu.

Ndugu zangu wa zamani, hapa sasa nawageukia ninyi. Tunapoikumbuka shule yetu hupenda kuleta zawadi za kupendeza macho. Safari hii naomba tusilete sanduku moja la karatasi za fahari litakalofungiwa kabatini. Fedha hizo hizo zitununulie karatasi za kawaida za gramu 300, zikatwe, ziwekwe mezani, na kila kijana aruhusiwe kuziharibu. Wapo humu ndani watoto ambao bado hawajajua kama wana mkono wa rangi. Tuwape karatasi za kutosha kulijua hilo wenyewe.