Taa ya Kilindini



Sisi wa Kashai twaijua taa ya mvuvi. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa huenea juu ya Ziwa Victoria mithili ya mji. Dagaa huifuata nuru, na wavu huwangoja.

Katika vilindi vya bahari yuko samaki avuaye kwa njia hiyohiyo. Wataalamu walimpa jina la Melanocetus johnsonii mwaka 1864. Mwili wake ni mweusi na wa mviringo, kinywa kipana, meno marefu kama sindano. Juu ya kichwa cha jike umeota ufito, na kwenye ncha yake hung'aa taa iwashwayo na bakteria waishio humo. Samaki wengine huijongelea taa hiyo. Uso ulio nyuma yake hawauoni.

Januari 2025, mmoja wao alionekana mchana karibu na uso wa maji, huko Tenerife. Yule aliyewatisha watu pichani angetosha katika kiganja cha mkono!

Tusimhukumu kwa sura yake. Muumba ndiye aliyempa riziki kwa namna hiyo. Bali sisi wanadamu huwashiana taa za kunasana. Mgeni nadhifu hubisha hodi, akaahidi kazi njema kwa binti yetu, mjini au ng'ambo. Nauli atalipa yeye. Ila majirani wasijue, na jina la mwajiri tusiulize. Nasi, kwa kuitazama taa tu, twamtoa mtoto.

Wavuvi wetu watufundisha jambo. Mwezi unapokuwa mpevu, hupumzika, maana taa haina nguvu penye mwanga. Vivyo hivyo, ahadi ya kweli haiogopi mbalamwezi. Tuipeleke mbele ya ndugu na ya Jumuiya yetu Ndogo Ndogo, tuulize: mwajiri ni nani? Mkataba u wapi? Mtoto atakaa kwa nani, na atatupashaje habari? Mgeni akikasirikia maswali hayo, basi tumekwisha kuuona uso ulio nyuma ya taa.

Nuru ya Kristo haimnasi mtu. Humwonyesha njia, pamoja na mashimo yaliyomo njiani. Tumwombe atujalie macho ya kutambua, na ujasiri wa kuuliza mapema, kabla basi halijaondoka na mtoto wetu. Amina.