Chanjo ya Nimonia: Baadaye ni Lini?



Tumeombwa, sisi tuliovuka miaka sitini, tuseme neno juu ya afya ya wazee. Tumechagua jambo moja tu: chanjo ya nimonia, maradhi ya mapafu ambayo baadhi yetu huyaita kichomi. Wengi wa rika letu hawaikatai chanjo hii. Husema tu, “Tutadungwa baadaye.” Basi leo tuulizane: baadaye ni lini?

Katika mambo ya duka jibu twalijua. Hakuna akataye bima ya ghala baada ya moto kuwaka. Chanjo nayo si dawa ya mgonjwa. Huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia, na mwili huhitaji majuma mawili au matatu ili ujifunze. Aingojaye homa amekwisha kuchelewa. Wahenga wa pwani hii walitwambia: tahadhari kabla ya athari.

Kuhusu umri, mataifa hayakuweka mpaka mmoja. Uingereza huwapa wote waliotimiza miaka 65. Marekani ilikuwa na mpaka huohuo, lakini mnamo Oktoba 2024 iliushusha hadi miaka 50. Hapa Kenya watoto wachanga hupewa chanjo ya namna hii bila malipo tangu 2011. Sisi wazee kwa kawaida hujilipia wenyewe. Hakuna atakayetuletea barua ya kutukumbusha. Uamuzi ni wetu.

Hata hivyo umri peke yake si kipimo. Mwenye kisukari, au maradhi ya moyo, mapafu, figo au ini; avutaye sigara; aishiye na VVU; mwenye selimundu au aliyeondolewa wengu: hawa wasingoje hata hiyo miaka 50, bali wamwone daktari sasa. Na kisukari, ndugu zetu, ni mgeni wa kudumu katika nyumba zetu nyingi.

Wapo wanaosema watadungwa wakisafiri kwenda India, au Leicester kuwatazama wajukuu wakati wa baridi. Ni vyema, ila iwe mwezi mmoja kabla, si asubuhi ya kupanda ndege. Mwenye homa kali angoje apone kwanza. Mafua madogo hayazuii. Chanjo hii yaweza kutolewa siku moja na ile ya mafua, kila moja katika mkono wake. Ya mafua hurudiwa kila mwaka; hii haihitaji kurudiwa kila mwaka.

Majina ya chanjo hizi huandamana na namba, kama 13, 15, 20 au 23. Hiyo ni idadi ya aina za bakteria ambazo chanjo huzikinga. Kwa kawaida ile ya 20 hutosha kwa sindano moja. Ile ya 15 hufuatwa na ya 23, mara nyingi baada ya mwaka. Kwa hiyo tuulize tunapewa ipi, na tuandike.

Tusidanganyane kwamba hukinga kila nimonia. Uchunguzi uliofanywa Uholanzi kwa wazee wapatao 85,000, ukachapishwa 2015, ulionyesha kwamba chanjo ya aina 13 ilipunguza nimonia za aina hizo kwa takriban 45 katika kila 100. Mfanyabiashara hatadharau faida hiyo, hasa ikiwa hasara iliyo upande wa pili ni uhai. Maumivu ya mkono na uchovu wa siku moja au mbili ni bei ndogo. Na ajapochanjwa mtu, akianza kuhema haraka au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mzee huweza kuwa na nimonia bila homa kali.

Wapo wazee wanaonyamaza kwa kuogopa kuwatia watoto gharama. Vijana, msingoje kuombwa. Na katika nyumba zetu wamo mpishi na mlinzi waliozeeka pamoja nasi, wakavumilia moshi na umande kwa ajili yetu. Tunapohesabu wazee wa nyumba, tuwahesabu na wao, na malipo yao yawe juu yetu.

Kila Diwali twafungua vitabu vipya vya hesabu na kuviombea baraka. Tunapendekeza mwaka huu kila familia iandike katika ukurasa mmoja majina ya wazee wake, umri, maradhi waliyo nayo, na tarehe ya chanjo. Palipo wazi pasipite mwezi kabla ya kumwona daktari.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu pumzi nyepesi, na majirani zetu pia.