Mlango Usiotumika katika Nyumba ya Zamani



Leo twataka kusema nanyi habari ya mlango wa nyuma. Katika nchi ya Njombe, iliyo juu ya bahari futi zaidi ya 6,000, ziko nyumba za zamani za matofali ya udongo zenye mlango wa pili usiofunguliwa na mtu. Mbao zake zimejikunja, na mwezi wa Juni na Julai upepo wa baridi huingia papo hapo, ukawafikia watoto kitandani.

Yafaa kwanza kujua upepo unapopita. Washeni kipande cha gunia, mkizime kibaki kutoa moshi, mkakipitishe taratibu kando ya miimo na kizingiti. Moshi unapoyumba, hapo ndipo penye mwanya. Kisha gongeni miimo. Ikilia kama ngoma, mchwa wameila, na kuziba juu yake ni kazi bure.

Mwanya ulio kati ya mwimo na ukuta uzibwe kwa udongo uliokandwa na majani makavu yaliyokatwakatwa, wala si kwa saruji. Maana saruji ni ngumu kuliko tofali la udongo, na baada ya masika huachana nalo ikaleta ufa mpya. Kingo za mlango zipigiliwe vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Upande wa ndani tengenezeni ubao wa pili, na katikati wekeni blanketi kuukuu lililo kavu, kwa kuwa kizuiacho baridi hasa ni hewa iliyotulia ndani ya sufu. Msitie majani; panya watawashukuru.

Mzee mmoja alituuliza, "Kwa nini tusiujenge kwa matofali, mambo yakaisha?" Tulimjibu kwamba moto ukishika mlango wa mbele, hamna njia ila hiyo. Basi ubao wa ndani msiupigilie misumari, bali uangikeni kwa kulabu, hata mtoto aweze kuuondoa, wala msirundike magunia ya mahindi mbele yake.

Sasa twafika kwenye neno lililotuleta. Ile mianya ilikuwa ikitoa hewa mbaya pasipo ninyi kujua. Mkiisha kuiziba, jiko la makaa lililokuwa likiwaumiza kichwa tu laweza kuwaua. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamshwi nayo. Msidanganyike kwa kuwa makaa yamekuwa mekundu na moshi umekwisha; sumu ingalipo. Jiko lilale nje, hata usiku wa sakitu. Tundu la hewa lililo juu ukutani lisizibwe kamwe, nalo halitoshi kuwaruhusu kuingiza jiko chumbani. Na mtu akishikwa na kizunguzungu, atolewe nje upesi, kisha milango yote ifunguliwe, na huo wa nyuma pia.