JASHO LA NANI, GHARAMA YA NANI?
Sayansi na teknolojia mashambani, na yanayowafika watu

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi katika mwezi wa Ramadhan)



Nimepewa mada ya sayansi na teknolojia katika kilimo, na athari zake kwa jamii. Najua wako wanaosema kimoyomoyo: sisi watu wa mjini, mambo ya shamba yanatuhusu nini? Hebu tazama sinia ya futari. Uji ni wa mahindi ya mtu fulani. Chai ni ya majani yaliyochumwa na mtu fulani, au siku hizi yaliyokatwa na mashine fulani. Anayekula anahusika, apende asipende.

Nianze na jambo tunalolijua sote, ingawa ni nadra kulitazama kwa jicho hili. Zaka ya mazao. Mazao yaliyomea kwa mvua, bila ya mkulima kutaabika kuyanywesha, hutolewa sehemu moja ya kumi. Yaliyonyweshwa kwa taabu na gharama, kama vile kuteka maji kwa mnyama, hutolewa nusu ya hiyo, yaani moja ya ishirini. Wakulima wawili wakivuna magunia mia mia, huyu atatoa kumi na yule atatoa matano. Mavuno ni sawasawa, wanachotoa si sawa. Kwa nini? Kwa sababu sheria haikutazama ghala peke yake. Imetazama na jasho lililomwagika, na gharama aliyoibeba mtu.

Hiyo ndiyo mizani nitakayoitumia leo. Ikija mbegu mpya, dawa mpya au mashine mpya, wataalamu hutuambia ni magunia mangapi yataongezeka. Ni swali zuri, wala tusilidharau, maana njaa si jambo la mchezo. Lakini sisi tuongeze maswali mawili: jasho la nani limepungua? Na gharama imemwangukia nani?

MASHINE YA KUSAGA

Tuanze na kheri. Mama zetu wazee waliopo hapa wanaijua kazi ya mchi na kinu, na jiwe la kusagia. Nafaka ya mlo mmoja ilikuwa kazi ya saa nyingi, na kazi hiyo haikuwa ya mwanamume. Ilikuwa ya mama na binti zake. Ilipokuja mashine ya kusaga, saa zile zilirudi mikononi mwao. Binti ambaye jana alikuwa hana budi kutwanga, leo anaweza kushika daftari.

Lakini pima vizuri. Kinu hakikudai shilingi, mashine inadai. Mama aliyekuwa akilipa kwa mikono sasa analipa kwa pesa, na ikiwa pesa za nyumba ziko mfukoni mwa mtu mwingine, hata kusaga gorogoro moja ya mahindi ni lazima aombe. Faida ni kubwa, hakuna ubishi. Hata hivyo mashine iliondoa mzigo wa mikono ikaleta haja ya pesa, na familia iliyokaa ikaelewana juu ya hilo ndiyo iliyonufaika zaidi.

MBEGU

Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu ya mahindi iliyoitwa H611. Waliipata kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, huko Amerika ya Kusini. Ilizaa zaidi ya mahindi ya Kitale yaliyoizaa kwa kiasi cha asilimia 40, na wakulima, wakubwa kwa wadogo, wakaikimbilia. Baadaye na sisi watu wa Pwani tulipata zetu, zile za Pwani Hybrid, zilizotengenezwa kwa joto na udongo wetu. Watu wengi wamekula wakashiba kwa sababu ya kazi hiyo, na walioifanya wanastahili shukrani.

Sasa tazama upande wa pili. Mbegu ya zamani ilikaa jikoni. Mama alichagua magunzi mazuri wakati wa kuvuna, akayatundika juu ya meko, moshi ukawafukuza wadudu. Msimu ukifika, mbegu ipo. Jirani akikosa, anapewa. Mbegu ya haibridi haiendi hivyo. Ukipanda punje ulizovuna wewe mwenyewe, mavuno yanashuka. Kwa hiyo kila msimu ni lazima urudi agroveti na pesa mkononi, na juu ya mbegu kuna mbolea. Mvua ikikatika, mwenye mbegu ya meko amepoteza jasho lake. Mwenye mbegu ya duka amepoteza jasho na pesa pia, na pengine pesa zenyewe alikopa.

Tena kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye paketi. Yule mama aliyekuwa mtaalamu wa mbegu, aliyekuwa akiulizwa na kijiji kizima, siku hizi haulizwi. Anayeulizwa ni mwenye duka.

Mambo haya yalifika hata mahakamani. Sheria ya mbegu ya Kenya, pamoja na mabadiliko yake ya mwaka 2012, ilifanya kuuza na kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa, na adhabu yake ingeweza kufika kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni moja. Nia iliyoelezwa ilikuwa kumlinda mkulima na mbegu bandia, na kweli mbegu bandia ni balaa. Lakini mama anayempa jirani kunde za kupanda naye akaingia katika kundi la wahalifu. Mwaka 2022 wakulima wadogo kumi na watano walikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kugawana mbegu zao vinakwenda kinyume na katiba. Vijana, lizingatieni hili. Wale hawakuipinga sayansi. Walitaka tu mlango wa zamani usifungwe kwa kuwa umefunguliwa mlango mpya.

MAJI YA TANA

Tusogee karibu na nyumbani, kaunti ya Tana River. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa mikopo mikubwa ya nje, ilianza mradi wa umwagiliaji wa Bura. Mpango ulikuwa kuwaleta maelfu ya familia kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wapewe vipande vya ardhi, walime pamba na mahindi. Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli.

Kilichotokea wazee wa huko wanakijua. Gharama zilipanda kupita makadirio, na familia zilizopewa makao hazikufika nusu ya zilizopangwa. Pampu zikiharibika au mafuta yakikosekana, mimea inakauka shambani huku mkulima anautazama mto. Na Hola, jirani yake, mwaka 1989 mto wenyewe ulihama mkondo ukaziacha pampu hazina maji, na kilimo kikasimama kwa miaka mingi.

Waliotoka mbali kuja kulima walibaki na deni na ardhi kavu. Na wenyeji wafugaji je? Wao wana malka, yaani njia za kuteremsha mifugo mtoni wakati wa kiangazi. Shamba na mifereji ikikaa baina ya ng'ombe na maji, ng'ombe hajui ramani. Atapita. Hapo ndipo mkulima na mfugaji huanza kutazamana kwa jicho baya, na sote tunajua jicho hilo limetufikisha wapi katika bonde lile. Injinia alipima mto, akapima udongo. Malka nani aliipima?

CHAI YA KERICHO

Nije kwenye jambo linalouma zaidi kwa vijana, nalo ni kazi. Katika mashamba makubwa ya chai, mchumaji hulipwa kwa kilo. Wengi wao huishi katika nyumba za kampuni. Kwa hiyo kazi ikiondoka, haiondoki peke yake. Inaondoka na nyumba, na mara nyingi watoto wanaondoka katika shule waliyoizoea.

Mashine za kuchuma chai zilipoanza kuenea, wafanyakazi waligoma mwaka 2010. Mashine ziliendelea kuja. Inasemekana mashine moja yaweza kufanya kazi ya watu kama mia. Serikali ya kaunti ya Kericho iliunda kamati, na mwaka 2023 mmoja wa wanakamati alisema kwamba katika kaunti hiyo peke yake nafasi za kazi karibu 30,000 zilipotea kwa muda wa miaka kumi. Kamati ikapendekeza mgawanyo: asilimia 60 ya chai ichumwe kwa mashine, 40 kwa mikono. Mwezi wa Mei mwaka huohuo hasira zikapanda, mashine zikachomwa moto, watu wakajeruhiwa, na mtu mmoja akapoteza maisha.

Wenye mashamba nao wana hoja, na uadilifu unatutaka tuisikie. Wanasema mishahara inapanda, bei ya chai haipandi, na asiyepunguza gharama atafunga shamba, wakose wote. Huenda ni kweli. Lakini rudini kwenye mizani yetu. Gharama ya mwenye shamba imepungua. Je, imetoweka? La. Imehama. Imemwendea mama aliyekuwa akichuma, anayetafuta chumba cha kupanga. Imewaendea wenye maduka na mikokoteni sokoni, waliokuwa wakimuuzia. Ukiitafuta vizuri utaikuta tu, ila haimo katika vitabu vya kampuni.

Na msiseme Kericho ni mbali. Chai hiyo hushushwa Mombasa, hupigwa mnada Mombasa, na Pakistan na Misri ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Majani yale yale humwagiwa maji ya moto Karachi na Kairo adhana ya Magharibi inapolia.

Kuchoma mashine ni haramu, ni mali ya mtu, na hakukumrudishia yeyote kazi yake. Lakini kumwachisha mtu kazi ya miaka ishirini bila kumpa muda, bila kumfundisha kazi nyingine, na bila fungu lolote katika faida iliyoletwa na mashine, hiyo nayo ni dhulma, hata kama haina moshi.

VUTA-SUKUMA

Msije mkadhani nawaambia turudi kwenye jembe la mti. Iko sayansi iliyopima mambo yote mawili. Katika kituo cha utafiti cha ICIPE huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, wataalamu waliwatazama viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, na gugu la striga linalonyonya mizizi. Tangu miaka ya 1990 wamefundisha njia iitwayo vuta-sukuma. Katikati ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde. Harufu yake inamfukuza nondo anayezaa viwavi, na mizizi yake inaidhoofisha striga. Pembeni mwa shamba unazungusha nyasi ya nepia, ambayo inamvuta nondo akatage huko.

Mkulima hanunui dawa kila msimu. Desmodiamu na nepia hudumu miaka, na vyote viwili ni malisho, basi ng'ombe au mbuzi anapata chakula, na mtoto anapata maziwa. Kazi ipo, hasa mwaka wa kwanza, kwani kupanda na kupalilia desmodiamu kunachosha. Lakini jasho ni la mwenye shamba na faida ni yake. Ni sayansi ya juu kabisa, na imekubali kuingia katika shamba dogo la mtu asiye na pesa nyingi.

LA KUFANYA

Vijana wenzangu, nimalizie kwa mambo matatu.

Kwanza, someni kilimo. Tunapenda watoto wetu wawe madaktari, mawakili, wahasibu, na kilimo tunamwachia aliyefeli. Basi maamuzi ya mbegu, maji na mashine yatakuwa yanafanywa na wengine, sisi tukabaki kulalamika.

Pili, kila mradi unapoletwa kijijini, iwe ni pampu, trekta la kukodi, dawa ya kuua magugu au programu ya simu ya kuwakopesha wakulima, ulizeni mbele ya watu: nani atapunguziwa kazi? Nani atalipa, na kwa miaka mingapi? Mvua ikikosa, hasara ni ya nani? Vibarua waliokuwa wakipalilia watakula wapi? Na mama zetu waulizwe wakiwapo, wasije wakapewa habari mambo yameshakwisha.

Tatu, ukifaulu kwa mashine, kumbuka waliokuwa wakila kwa kazi hiyo kabla ya mashine. Mwenye trekta amsomeshe kijana wa kibarua wake udereva na ufundi. Mwenye kuvuna zaidi atoe haki ya mazao siku anayovuna, asingoje kuulizwa.

Elimu ni neema, na mashine ni chombo. Chombo hakimjui maskini wala tajiri, kinakwenda kinakopelekwa. Anayekipeleka ni sisi, na sisi ndio tutakaoulizwa.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, azibariki mvua na mashamba yetu, na atujaalie tuwe waadilifu katika tunayoyajua na tunayoyamiliki.