Tukiingia Mashindano ya Baiskeli, Tuingie kama Kikundi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, kina mama na vijana, siku ya mafunzo)

Tunajua wengine mmeacha kazi ya shamba, na wengine mmetoka mbali kwa miguu.

Leo tunataka kuongea juu ya jambo lililotufikia kutoka vikundi kadhaa. Vijana wanasema, "Kuna mashindano ya baiskeli hapa karibu, tunataka kuingia." Wazee nao wanauliza, "Baiskeli ni hiyo hiyo inayobeba maji, maziwa na mahindi ya kusaga. Ikivunjika, nani atalipa?" Maswali yote mawili ni ya haki. Hatukuja kuwaambia vijana wakae nyumbani, wala hatukuja kuwaambia wazee wanyamaze.

Tumekuja kusema hivi: mashindano ya baiskeli ya barabarani si ya mtu mmoja mwenye miguu ya nguvu. Ni ya kikundi. Kikundi kikikubaliana mapema, kijana ana nafasi nzuri ya kurudi mzima, baiskeli inaenda kazini Jumatatu, na huenda hata zawadi ikaja. Kisipokubaliana, hata ushindi unaweza kuleta ugomvi.

UPEPO NDIO MPINZANI WA KWANZA

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye barabara tambarare, kinachomchosha sana mwendeshaji anayekwenda kasi si uzito wa baiskeli. Ni hewa. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuzuia kwa nguvu mara nne. Ndiyo maana yule anayetoka mbio peke yake pale mwanzo, watu wakimpigia makofi, mara nyingi baadaye tunamkuta ameinama kando ya barabara, hana pumzi.

Sasa, anayefuata nyuma ya mwenzake kwa karibu anafunikwa na upepo. Kwa mwendo wa kasi anaweza kuokoa robo ya nguvu zake, hata theluthi. Hiyo si nguvu ndogo. Lakini yule wa mbele anaumia. Basi dawa ni moja tu: kupokezana.

Vijana wanne wa kikundi kimoja wafanye hivi. Wa kwanza akae mbele dakika moja au mbili. Akiisha zamu yake, aangalie nyuma, asogee kando polepole, apunguze mwendo kidogo, awaache wenzake wapite, kisha aingie mwisho wa mstari. Anayebaki mbele asiongeze kasi. Hapo ndipo vijana wengi wanaharibu. Zamu ikimfikia anataka kuonyesha nguvu zake, anaruka mbele, mstari unakatika, na wote wanabaki na upepo wao, kila mtu peke yake.

Hata ninyi kina mama mnalijua jambo hili. Mchango wa kuzungushiana, ule mnaouita merigoraundi, unaenda namna hiyo hiyo. Leo unatoa ili mwenzako apokee, kesho anatoa ili upokee wewe. Akitokea mmoja wa kupokea tu, asitoe, chama kinakufa. Kwenye baiskeli pia, anayejificha nyuma safari yote halafu anaruka dakika ya mwisho kuwapita wenzake wa kikundi, mwaka ujao hatapata wa kumfunika.

Msidhani haya ni mambo ya kijijini tu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa kijana alifanya mazoezi na David Kinjah, mwendeshaji wetu Mkenya aliyelea vijana wengi wa baiskeli huko Mai-a-Ihii, Kikuyu. Mwaka 2012, katika Tour de France, Froome alimfanyia kazi mwenzake wa timu, Bradley Wiggins. Alimvuta milimani, Wiggins akawa wa kwanza na yeye wa pili. Mwaka uliofuata zamu yake ilifika, naye akashinda. Akashinda tena mwaka 2015, 2016 na 2017. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tahadhari kwa wanaoanza: usimkaribie mwenzako kupita urefu wa baiskeli moja mpaka mzoeane. Gurudumu lako la mbele lisiingie sambamba na la nyuma la mwenzako, kwa sababu yakigusana ni wewe wa nyuma utakayeanguka. Wa mbele apaze sauti: "Shimo!" "Mbuzi!" "Tunapunguza!" Na asikanyage breki ghafla. Haya yanataka mazoezi ya pamoja, hayajifunzwi asubuhi ya mashindano.

BAISKELI YA KAZI

Wengi wetu tunayo Black Mamba. Ni baiskeli ya chuma, gia moja, breki za vyuma virefu, na uzito wake unafika kama kilo 20. Baiskeli za mashindano makubwa ya dunia haziruhusiwi kupungua kilo 6.8. Mnaona tofauti. Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha, waulizeni waandalizi kama kuna kundi la baiskeli za kawaida. Kama halipo, kijana wenu ajue mapema anashindana na nini, asije akajilaumu bure.

Black Mamba ikitunzwa vizuri inakwenda. Ipelekeni kwa fundi wiki moja mbele. Tumewaona vijana wakipeleka baiskeli jioni ya mkesha. Fundi anafungua gurudumu, spea inakosekana, na giza limeingia. Mwambieni fundi aangalie haya:

1. Breki zote mbili. Raba ziwe na unene, na zishike rimu sawasawa. Kumbukeni kwamba rimu ya chuma ikilowa na mvua, breki inakawia sana kushika.
2. Spoku. Zote zikazwe, na gurudumu lisiyumbe.
3. Cheni. Isafishwe, itiwe mafuta kidogo, isilegee.
4. Tairi na tyubu. Upepo ujae vizuri, maana tairi laini inakula nguvu.
5. Kiti. Ukikaa na kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini sana, magoti yanaumia.
6. Nati za magurudumu na usukani. Zikazwe zote.

Keria na stendi mnaweza kuvitoa siku hiyo ili kupunguza uzito, lakini wekeni nati zake mahali pamoja.

Halafu kuna swali la wazee: ikivunjika? Jibu lisiachwe kwa bahati. Mwenye baiskeli aulizwe na akubali kwa mdomo wake mbele ya kikundi. Kikundi kiweke pesa kidogo kando kwa matengenezo, na katibu aandike kwenye kitabu cha mikutano. Baiskeli ya baba wa watu isichukuliwe kimya kimya. Familia inayouza maziwa ikikosa baiskeli siku tatu, hiyo ni hasara ya kweli, na medali hainunui unga.

BARABARA INA WATU WENGINE

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Kijana anayeteremka kwa kilomita 40 kwa saa anapita mita 11 kila sekunde. Ukisema tu jina lako, ameshapita nyumba mbili. Akitokea ng'ombe, mtoto au matatu, hana nafasi.

Hata mabingwa wanaanguka. Suleiman Kangangi, kijana wetu kutoka Eldoret, alikuwa wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017. Mwezi wa Agosti 2022 alianguka katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Kabla yake, mwezi wa Machi 2003, Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka katika mashindano huko Ufaransa. Hakuwa amevaa helmeti. Alifariki, na mwaka huo huo chama cha baiskeli cha dunia kikalazimisha helmeti katika mashindano yake. Hatusemi haya kuwatisha. Tunayasema kwa sababu hao walikuwa na ujuzi mwingi kuliko sisi, na bado barabara haikuwahurumia.

Basi kikundi kiwatume watu wawili kwa waandalizi na maswali haya. Je, polisi watasimamisha magari, au tutashindana katikati ya matatu? Je, kuna mtu wa huduma ya kwanza na gari la kubeba aliyeumia? Je, kila mtu lazima avae helmeti? Je, njia imekaguliwa, hasa miteremko na madaraja? Wakijibu "tutaona", nanyi rudini nyumbani. Hakuna aibu. Kutoingia mashindano mabaya ni uamuzi wa watu wazima.

MIGUU NA TUMBO

Kijana anayebeba maji kila siku tayari ana miguu. Anachohitaji ni mpango. Wiki sita au nane zinatosha kwa kuanza: siku moja ngumu, siku moja nyepesi, na umbali uongezwe kidogo kidogo. Siku chache za mwisho apumzike, asibebe mizigo mizito. Mazoezi yafanywe mchana. Usiku dereva wa lori hakuoni.

Chakula ni hiki hiki chetu. Nguvu ambayo mwili umeweka akiba kwa kazi nzito huanza kuisha baada ya saa moja na nusu hivi, au mbili. Kwa hiyo ale vizuri jioni ile na asubuhi mapema, ugali au viazi vitamu, na njiani awe na ndizi mfukoni. Ale kabla ya kusikia njaa. Maji anywe kidogo kidogo tangu mwanzo.

Na wasichana je? Wakipewa baiskeli na muda wa mazoezi, wanaweza. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika Afrika, na wanawake walikuwa na mashindano yao kwenye vilima vile vile. Shida ya wasichana wetu mara nyingi ni kwamba saa ya mazoezi ndiyo saa ya kuteka maji na kupika. Wazazi, hapo mtusaidie. Kaka naye anaweza kuteka maji.

ZAWADI NI YA NANI?

Jambo la mwisho, na ndilo linalovunja vikundi. Kijana mmoja anafika wa kwanza, anapewa pesa au baiskeli mpya. Wale watatu waliokata upepo kwa ajili yake wanaangalia tu. Aliyetoa baiskeli yake anaangalia. Mama aliyepika anaangalia.

Kule Tour de France mshindi anapata euro 500,000, na desturi ni kuwagawia wenzake wa timu. Wanajua hakufika peke yake. Nasi tuamue kabla ya siku, sio baada: sehemu gani ni ya mshindi, gani ni ya wenzake, gani ni ya mwenye baiskeli, gani inaingia kwa mweka hazina. Pesa zikishaonekana, masikio huziba. Iandikwe, isomwe kwa sauti, kila mtu atie sahihi au kidole. Na kama hakuna zawadi, iandikwe pia nani atalipa fundi.

Sasa tugawanyike kwa vikundi, tujadiliane nusu saa:

1. Katika kikundi chetu, nani anakaa mbele kwenye upepo kila siku? Je, tunampokea?
2. Baiskeli ya kazi ikiharibika katika mashindano, tumekubaliana nini?
3. Waandalizi wakikosa kujibu maswali yetu juu ya usalama, tuna ujasiri wa kukataa?
4. Zawadi ikija, tutaigawa vipi? Katibu aandike jibu leo leo.