Upungufu wa Damu na Chakula cha Mwambao Wetu

(Nasaha zilizotolewa Kagunga, Mkoa wa Kigoma)



Mama mjamzito aendapo kliniki hupimwa wekundu wa damu na kutajiwa namba. Ikiwa chini ya 11, damu yake imepungua. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikutwa na upungufu huo. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hospitali ya Maweni iko Kigoma mjini, na wengi wetu huifikia kwa boti, kupita Gombe, ziwa likiwa shwari au limechafuka. Aliyeingia katika uchungu akiwa na damu haba hana akiba ya kupoteza. Basi akiba hiyo na iwekwe mapema, nayo huanzia jikoni.

Mwenyezi Mungu ametujalia dagaa na migebuka. Samaki na nyama wana madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa wepesi kuliko yale ya mboga. Tena huyasaidia yale ya mboga yapokelewe. Lakini tuulizane kwa haki: ni nani amlaye samaki huyo? Magunia hupakiwa kwenda kuuzwa, na anayebaki huwekwa katika sahani ya baba. Mama mwenye mimba huchovya ugali katika mchuzi. Desturi hii haitoki katika Uislamu. Mtume s.a.w. alituusia wema kwa wake zetu, nami siuoni wema unaosubiri mume ashibe kwanza.

Wapo wanaodhani kunywa damu ya mnyama huongeza damu. Damu ni haramu, na Qur'an Tukufu imelibainisha hilo. Ini na bandama zimehalalishwa katika hadithi, na ini lina chuma kingi. Mjamzito ale kipande kidogo mara mojamoja tu, si kila siku.

Matembele, kisamvu na maharage yaliwe pamoja na ndimu, chungwa au embe, kwani matunda hayo huyafungulia madini ya chuma njia. Chai huyazuia, inywewe saa moja au mbili baada ya chakula. Udongo wanaoutafuna baadhi ya wajawazito nao huyazuia.

Hata hivyo, penye malaria na minyoo ya safura chakula peke yake hakitoshi. Chandarua kitumike, viatu vivaliwe, choo kichimbwe. Aliyetajiwa namba iliyo chini ya 7 asingoje mboga. Asafirishwe siku hiyohiyo. Na katika Ramadhani, mgonjwa amepewa ruhusa katika Sura Al-Baqara, na Mtume s.a.w. aliwahafifishia wajawazito na wanyonyeshao. Mume asimwonee mkewe haya kwa majirani.

Vidonge vya kliniki vimezwe kwa maji ya ndimu, visimezwe kwa chai. Vikifanya choo kiwe cheusi, hilo si ugonjwa, mama asiviache.

Wabillahi taufiq.