Majina Yasiyo na Kaburi

Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927, inawaenzi askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Haina jina la marehemu hata mmoja.

Halikuwa jambo la bahati mbaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Kwa wapagazi, maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi.

Kuyafufua majina hayo sasa ni kazi ya familia pia, maana nyaraka pekee hazitoshi. Karani wa kikoloni aliandika jina kama alivyolisikia. Kijijini mtu alijulikana kwa ukoo wake na rika lake la jando. Kwa hiyo anayeanza kwa bibi, kisha akaenda Nyaraka za Taifa, ana nafasi nzuri kuliko anayekimbilia kompyuta. Aulize hata yanayoonekana madogo: babu alichukuliwa pamoja na nani, wakaelekea wapi, na mwenzake yupi alirudi?